Draivu ya flopi kwenye bodi ya PC/104: soma taa kwanza, BIOS baadaye

Fungua kifuniko cha nyuma cha mashine ya kudarizi nembo za sweta za shule, au mashine ya kuchonga mbao ya miaka ya 1990. Kwenye baadhi utakuta bodi ya PC/104, yaani kompyuta nzima kwenye bodi ndogo inayoenea kiganjani, na pembeni yake draivu ya flopi iliyofungwa kwa skrubu. Vyuma na mota za mashine bado ni vizima. Kilichochoka ni draivu, au ilishang'olewa na fundi aliyetangulia na kebo ikaachwa inaning'inia. Kuanzia Iringa hadi Tunduma mashine za namna hii bado zinaingiza hela, na mwenye nayo hana mpango wa kuitupa kwa sababu ya kidude cha inchi tatu na nusu.

Kazi ya kuunga draivu si ngumu, ila ina mitego inayojirudia, na karibu yote hujionyesha kwenye taa ndogo ya mbele ya draivu kabla hujagusa kibodi. Fundi anayekimbilia BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha na kutunza mipangilio yake) hupoteza siku nzima akibadilisha mipangilio ambayo haikuwa na kosa.

Mteja atauliza kwanza: kwa nini tusichomeke draivu ya USB tuondokane na shida? Kwa sababu programu nyingi za mashine hizi haziombi faili kwa mfumo endeshi. Zinaandika moja kwa moja kwenye anwani za kontrola ya flopi (chipu inayoendesha draivu), 3F0 hadi 3F7, na zinasubiri jibu kupitia IRQ 6 (njia ya kumwita prosesa) na DMA 2 (njia ya kupeleka data moja kwa moja kwenye kumbukumbu). Draivu ya USB haipo kwenye anwani hizo. Hata BIOS ikiigeuza ionekane kama A:, yaani draivu ya kwanza, mfumo endeshi wa DOS utawaka vizuri kabisa kisha programu ya mashine itakwambia hakuna disketi.

Hesabu pini kabla ya kutafuta kebo

Bodi ya PC/104 ina ukubwa wa milimita 90 kwa 96, kipimo kilichotangazwa mwaka 1992. Kwa udogo huo watengenezaji wanabana konekta wanavyoweza, kwa hiyo usitegemee kukuta ile ya kompyuta ya mezani.

Ya kwanza ni pini 34 za kawaida, safu mbili za pini 17, zikiachana milimita 2.54. Pima kwa rula kutoka katikati ya pini ya kwanza ya safu hadi katikati ya pini ya mwisho: utapata karibu milimita 40.6. Ya pili ni pini 34 zilezile lakini zikiachana milimita 2.00, na hapo urefu ni milimita 32. Kebo ya kawaida haiingii humo. Unahitaji kebo ya kubadilisha, yenye konekta ndogo upande mmoja na ya kawaida upande wa pili.

Mtego uko hapa. Konekta ya diski kuu ya laptopu, yenye pini 44 za milimita 2.00, ina urefu wa milimita 42. Kwa macho inafanana sana na ile ya flopi ya milimita 40.6, na kwenye bodi iliyojaa vumbi maandishi hayasomeki. Pini 41 na 42 za ile ya diski zina volti 5. Ukilazimisha kebo ya flopi hapo utapinda pini, na ukibahatika utakuwa umeharibu konekta tu. Hesabu pini kwa ncha ya sindano. Kumi na saba kwa safu ni flopi, ishirini na mbili ni diski.

Ya tatu ni kebo bapa ya plastiki ya pini 26, zikiachana milimita 1, kwa ajili ya draivu nyembamba za laptopu. Hii inabeba umeme ndani yake: volti 5 zinapita pini 1, 3 na 5. Ikiingia kinyumenyume umeme huo unakwenda kwenye njia za data, na draivu inakufa kimyakimya. Fungua kwanza kishikio cha konekta, ingiza kebo upande wa shaba ukitazama mahali penye meno, ndipo ufunge. Usivute kebo kishikio kikiwa kimefungwa. Kikivunjika hutakipata Mwanjelwa wala Kariakoo.

Baadhi ya bodi hazina konekta ya flopi hata moja, zinatumia tundu la printa lenye pini 25. Hapo unahitaji kebo maalumu ya mtengenezaji wa bodi na kubadilisha mpangilio wa tundu hilo kwenye BIOS, na printa inapoteza nafasi yake. Kama kebo hiyo haipo, mimi huiacha njia hii.

Kebo na msokoto wake

Kebo ya flopi ina nyaya 34. Zenye namba witiri zote, 1 hadi 33, ni arthi. Ishara ziko kwenye namba shufwa. Hizi ndizo za kukariri:

2 – aina ya ujazo
8 – alama ya mzunguko
10 – mota ya A
12 – kuchagua B
14 – kuchagua A
16 – mota ya B
18 – mwelekeo wa kichwa
20 – hatua ya kichwa
22 – data ya kuandika
24 – ruhusa ya kuandika
26 – traki sifuri (duara la kwanza la data kwenye disketi)
28 – kinga ya kuandika
30 – data ya kusoma
32 – upande wa disketi
34 – disketi imebadilishwa

Ishara zote hufanya kazi zikishushwa hadi volti sifuri. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Draivu za kompyuta za PC karibu zote hutoka kiwandani zimewekwa namba ileile, yaani DS1, inayosikiliza pini 12 kwa kuchaguliwa na pini 16 kwa mota. Kinachotofautisha A na B ni msokoto: nyaya saba, 10 hadi 16, zinageuzwa kati ya konekta ya katikati na ya mwisho. Draivu iliyo baada ya msokoto inapokea pini 14 ya bodi kwenye pini yake ya 12, na pini 10 kwenye ya 16, kwa hiyo inakuwa A. Iliyo kabla ya msokoto inakuwa B.

Bodi ndogo nyingi huja na kebo iliyonyooka, isiyo na msokoto, kwa kuwa mtengenezaji alitegemea draivu moja tu. Ukifunga draivu ya kawaida hapo inakuwa B, huku BIOS ikitafuta A, na unapata ujumbe wa "Floppy disk(s) fail (40)". Mafundi wengi hukimbilia kuhamisha jampa ya draivu (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenda DS0. Haisaidii. Draivu ya DS0 inasikiliza pini 10 kama ya kuchaguliwa, na kwenye bodi ya PC hiyo ni mota ya A, kwa hiyo taa itawaka. Lakini mota yake bado inasubiri pini 16, ambayo hakuna anayeishusha. Taa inawaka, disketi haizunguki. Ukiona hali hiyo usiilaumu mota.

Dawa ni kusokota kebo. Chukua kebo bapa ya nyaya 34, sentimita 45 zinatosha kwa kila kazi niijuayo. Mstari mwekundu ni waya wa 1. Hesabu kutoka hapo hadi waya wa 9, pasua kwa wembe kati ya 9 na 10, kisha kati ya 16 na 17, urefu wa sentimita nne hivi. Geuza kile kipande cha nyaya saba nusu mzunguko, ili 10 iende mahali pa 16, 12 mahali pa 14, na 13 ibaki palepale. Laza konekta juu yake na ubane kwa jiliwa polepole, pande zote mbili zishuke pamoja. Nyundo hupindisha meno ya konekta na kuacha waya mmoja au miwili haijashikwa, na huo ndio ugonjwa unaoonekana leo na kupotea kesho. Maliza kwa kupima kila waya kwa multimita, na pia kila waya na jirani yake.

Baadhi ya BIOS zina mpangilio wa "Swap Floppy Drive" unaobadilishana A na B bila kugusa kebo. Unafaa kwa kujaribu. Kwa kazi ya kudumu siutegemei, maana betri ya bodi ikiisha nguvu mpangilio unafutika na mwenye mashine anakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

Taa inayowaka muda wote

Hili linahitaji kifungu chake. Ukiwasha umeme na taa ya draivu ikawaka papo hapo na isizime, kebo imegeuka upande mmoja. Sababu yake ni hesabu nyepesi: kebo ikigeuka, pini 12 ya draivu inakutana na pini 23 ya bodi, na 23 ni arthi. Kila ishara ya draivu inaangukia kwenye arthi, na kwa kuwa ishara zinafanya kazi zikiwa sifuri, draivu inaona imechaguliwa, mota imeamriwa izunguke, na kichwa kiko kazini. Hakuna kinachoungua. Zima, geuza konekta, washa tena.

Lakini tazama pini 24, ruhusa ya kuandika. Nayo imekutana na pini 11, arthi. Kwa draivu hiyo, ruhusa ya kuandika imetolewa. Ukiingiza disketi wakati huo, traki iliyo chini ya kichwa inafutwa. Kwa kawaida kichwa kinakaa traki sifuri, penye sekta ya kuwashia na jedwali la mafaili. Disketi halisi ya mashine, labda ndiyo pekee iliyobaki nchini, inaharibika kwa sekunde moja. Kwa hiyo usiingize disketi ya mteja mpaka taa iwe imezima yenyewe baada ya kuwasha, na hata hapo fungua kwanza kile kidirisha cha kinga. Kwenye disketi ya inchi 3.5 tundu lililo wazi ndilo linalokinga. Kwenye ile kubwa ya inchi 5.25 ni kinyume, unaziba pengo kwa karatasi ya gundi.

Wapo wanaosema ncha zote mbili zikigeuka mambo yanasawazika. Kwa kebo iliyonyooka, ndiyo. Kwa kebo yenye msokoto, hapana: nyaya zilizosokotwa sasa zinabeba pini 19 hadi 25, kwa hiyo ishara ya hatua ya kichwa inabadilishana na ruhusa ya kuandika. Kila kichwa kinapoamriwa kusogea, draivu inadhani imeruhusiwa kuandika. Bora taa iwake muda wote kuliko hilo.

Umeme

Draivu ya inchi 3.5 hutumia plagi ndogo ya nyaya nne: nyekundu volti 5, nyeusi mbili za arthi, njano volti 12. Draivu nyingi za inchi 3.5 za miaka ya baadaye hazitumii kabisa ule wa njano, kwa hiyo bodi inayolishwa volti 5 tu inatosha. Draivu ya inchi 5.25 inahitaji 12 kwa ajili ya mota, na pawasaplai ndogo ya bodi haiwezi kuizungusha. Ipe pawasaplai yake, lakini arthi za pawasaplai zote mbili ziunganishwe.

Plagi hiyo ndogo ina ubaya mmoja: kwenye draivu zisizo na ukuta wa plastiki unaweza kuichomeka ikiwa imeruka pini moja, au juu chini. Juu chini maana yake volti 12 zimeingia njia ya volti 5. Angalia kwa tochi kabla ya kuwasha, kila mara.

Pima volti nyuma ya plagi wakati mota inaanza kuzunguka. Kipimo cha mashine iliyotulia hakina maana. Isishuke chini ya 4.75. Ikishuka, chanzo mara nyingi ni waya mwembamba uliopitishwa mbali, au umeme unaochukuliwa kwenye konekta ya bodi badala ya kwenye pawasaplai yenyewe. Dalili yake: draivu inasoma vizuri, lakini bodi inajiwasha upya kila unapoingiza disketi.

Sasa BIOS

Vitu vya kuweka ni vichache. Kontrola ya flopi iwe imeruhusiwa. Draivu A iwe aina halisi uliyofunga: 1.44M ya inchi 3.5, au 720K, au 1.2M ya inchi 5.25. Draivu B iwe "None" kama haipo. "Floppy 3 Mode" izimwe. Ni ya disketi za Japani zinazozunguka mara 360 kwa dakika badala ya 300. "Boot Up Floppy Seek" iwashwe wakati wa matengenezo, maana inakupa ishara ya bure: bodi ikiwaka, taa inamweka na kichwa kinalia krr kikirudi traki sifuri.

Kama kuna kadi nyingine juu ya bodi, hasa ya milango mingi ya mawasiliano, hakikisha jampa zake hazijagusa IRQ 6 wala DMA 2. Kwenye basi hii ya zamani (njia ya pamoja inayounganisha kadi na bodi) kadi mbili haziwezi kuchangia IRQ moja. Mgongano huo una sura yake: mota inazunguka, kichwa kinasogea, kisha kimya cha sekunde kadhaa, halafu kosa.

Mwisho betri. CR2032 mpya ina volti 3 na ushee. Ikisoma chini ya 2.7, ibadilishe bila mjadala.

Ukitaka kuthibitisha bodi inakumbuka nini, washa DOS, ingia kwenye programu yake ya DEBUG na uandike:

o 70 10
i 71

Jibu ni tarakimu mbili. Ya kwanza ni A, ya pili ni B: 0 hakuna, 1 ni 360K, 2 ni 1.2M, 3 ni 720K, 4 ni 1.44M, 5 ni 2.88M. Kwa hiyo 40 ni A ya 1.44M peke yake.

Humohumo ndani ya DEBUG unaweza kuijaribu draivu bila disketi wala programu:

o 3f2 1c

Taa ya A iwake na mota izunguke. Kuzima ni o 3f2 0c, ingawa BIOS huja kuizima yenyewe baada ya sekunde kadhaa. Kwa B andika o 3f2 2d. Kama 1c inawasha draivu uliyodhani ni B, msokoto uko mahali pasipo pake. Kama hakuna kinachowaka kwa zote mbili, kontrola haijaruhusiwa au kebo haijashika. Mstari huu mmoja unamaliza ubishi mwingi kati ya fundi wa umeme na fundi wa programu.

Programu ikikupa namba ya kosa la BIOS, isome kabla ya kufungua kitu. 80 ni kimya, draivu haikujibu: kebo, umeme au IRQ. 40 ni kichwa hakikufika: pini 18, 20 au 26, au reli iliyokauka grisi. 02 na 04 ni alama au sekta haionekani, mara nyingi aina ya disketi si ile uliyoitaja. 10 ni data imesomwa lakini imeharibika: uchafu kwenye kichwa, au disketi yenyewe. 08 ni DMA imechelewa. 03 ni kinga ya kuandika tu, cheka na ufunge kidirisha.

Pini 34, mwizi wa mafaili

Draivu ya PC hutumia pini 34 kusema disketi imebadilishwa. Draivu nyingi za viwandani hutumia pini hiyohiyo kusema niko tayari, maana tofauti kabisa. Ukifunga hiyo kwenye bodi ya PC, kila kitu kinaonekana sawa mpaka ubadilishe disketi. Unaandika DIR, amri ya kuorodhesha mafaili, na unaona mafaili ya disketi iliyotoka. Ukihifadhi faili wakati huo, DOS inaandika jedwali la disketi ya kwanza juu ya disketi ya pili, na hiyo ya pili imekuponyoka.

Jaribio ni rahisi: disketi mbili zisizo na thamani, zenye mafaili tofauti, DIR, badilisha, DIR. Fanya hivyo kwa kila draivu unayofunga, hata mpya. Orodha isipobadilika, tafuta kwenye draivu jampa zenye alama kama DC (disketi imebadilishwa) na RY (niko tayari), na uweke DC. Zikikosekana, ongeza kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS:

DRIVPARM=/D:0 /F:7

bila /C, ili DOS isitegemee ishara hiyo. Kwenye Linux ni modprobe floppy floppy="broken_dcl". Programu ya mashine inayosema na kontrola moja kwa moja haitasikia lolote kati ya hayo. Huko ni jampa au draivu nyingine.

Disketi zenyewe, na hali ya hewa ya kwetu

Mashine nyingi za kudarizi zinataka 720K. Disketi ya 1.44M ina matundu mawili, ya 720K ina moja. Kuziba tundu la pili kwa selotepu hukubali kwa muda, lakini sumaku ya disketi ya 1.44M haikutengenezwa kwa mkondo ule, na data inafifia. Kwa dharura fanya, kwa nakala ya kudumu usifanye. Amri ni format a: /f:720 kwenye DOS, au fdformat /dev/fd0u720 kwenye Linux.

Kazi ya kwanza baada ya draivu kutulia ni kutoa nakala ya disketi ya mashine kwenye Linux, kabla ya jaribio lolote:

dd if=/dev/fd0 of=nakala.img bs=512 conv=noerror,sync

Faili liwe na baiti 1,474,560 kwa 1.44M, au 737,280 kwa 720K. Likipungua, usomaji ulikatika.

Tukuyu na maeneo yote ya mvua nyingi ya Rungwe, adui ni ukungu. Sogeza kifuniko cha chuma cha disketi na utazame sumaku kwenye mwanga wa dirisha, ukiizungusha taratibu kwa kidole kupitia kitovu cha nyuma. Madoa meupe kama unga ni ukungu. Disketi hiyo ikiingia kwenye draivu inachafua kichwa, na kichwa kinakwenda kukwaruza disketi inayofuata. Mafinga ni unga wa mbao, na huo hauendi kwenye kichwa tu. Unakaa kwenye reli na kunyonya grisi. Njombe na Makete miezi ya Juni na Julai ni baridi: disketi iliyolala kwenye gari ikiletwa kwenye chumba chenye jiko la mkaa inapata umande. Iache ndani ya mfuko uliofungwa saa moja au mbili kabla ya kuitumia.

Kusafisha kichwa: isopropili ya asilimia 99, pamba ya masikio isiyotoa nyuzi, futa kwa mwendo mmoja bila kusugua. Spiriti ya rangi inaacha utando ikikauka. Kichwa cha juu usikiinue kwa kidole. Chemchemi yake ni nyepesi kama unywele, na ikipinda draivu itasoma upande mmoja tu. Reli ipakwe mafuta mepesi ya mashine, tone moja.

Draivu inayosoma disketi zake yenyewe lakini inakataa za wengine imehama mpangilio wa kichwa. Kuirudisha kunahitaji osiloskopu na disketi maalumu ya vipimo, kwa hiyo mimi huitoa na kuweka nyingine.

Ukichoka na disketi

Kifaa cha Gotek kinakaa mahali pa draivu, kina konekta ileile ya pini 34, na kinasoma flashi ya USB. Kwa bodi ni draivu halisi, kwa hiyo hata programu zinazoandika 3F0 hazitambui tofauti. Volti 5 pekee zinatosha.

Kwa kebo yenye msokoto weka jampa kwenye S1, kwa sababu ileile ya DS1 iliyoelezwa juu. Kikiwa na programu ya FlashFloppy, flashi iwe FAT32, ndani yake weka faili FF.CFG lenye mstari wa interface = ibmpc, unaofanya pini 34 iseme disketi imebadilishwa. Ukiongeza nav-mode = indexed, picha za disketi zipe majina DSKA0000.IMG, DSKA0001.IMG na kuendelea, na kwa vitufe vya mbele unachagua namba. Zile faili za img ulizotoa kwa dd zinaingia humo bila kubadilishwa.

Kwa mashine ya kazi ya kila siku mimi ningeiweka Gotek leo. Draivu halisi ibaki moja kwenye karakana, imefunikwa nailoni, pamoja na kebo yenye msokoto, kebo ya kubadilisha ya milimita 2.00, CR2032 mbili na disketi kumi za 720K ambazo hazijafunguliwa. Disketi za zamani za wateja zitaendelea kuletwa kwenye mifuko, nyingine zikiwa na lebo ya kalamu iliyofifia, na hizo hakuna Gotek itakayozisoma.